Jina la Kadi na Uwezo Wake: Uteuzi wa Kadi ya Michoro ya Daraja la Kati kwa Mnunuzi wa Kiambere

Mto Tana ukishapita Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma, huzuiliwa kwa mara ya tano huko Kiambere, katika ardhi kavu ya Mbeere. Kituo cha umeme cha mahali hapo kilianza kazi mwaka 1988, na baada ya mitambo yake kuboreshwa kina uwezo wa kuzalisha megawati 168. Kwa muda mrefu nyaya za umeme huo zilipita juu ya mapaa ya wenyeji zikielekea mijini bila kuteremka. Hali imeanza kubadilika. Umeme umeingia katika maboma kadhaa, na pamoja nao yameingia mahitaji ambayo hayakuwamo katika hesabu za wazee waliouona mto ukizibwa. Mojawapo ni tarakilishi ya kuchezea michezo ya video.

Yamkini msomaji atashangaa kuona suala kama hili likijadiliwa katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Mshangao huo wenyewe ni sehemu ya tatizo. Kijana wa Kiambere aliyedunduliza pesa za muguka, ndengu au mbuzi hadi zikafika shilingi elfu arubaini, kisha akaabiri matatu kupitia Kiritiri na Embu hadi Nairobi kununua kadi ya michoro, anakwenda kufanya uamuzi wa kiuchumi usio mdogo. Pesa hizo hazipishani sana na karo ya mwaka mmoja ya mwanafunzi wa bweni katika shule ya upili ya kaunti. Akikosea, hakuna atakayemrudishia. Na aghalabu hukosea kwa sababu moja: maarifa yote ya kumwongoza yameandikwa kwa lugha asiyoimudu vyema, tena kwa namna inayomfaa anayeuza kuliko anayenunua. Makala haya yanadai kwamba kadi inayolipa fedha za mnunuzi huyo hupatikana kwa kuanza na skrini yake, kisanduku chake na umeme wake, na kwamba jina lililopigwa chapa juu ya boksi ni ushahidi dhaifu sana wa kilichomo ndani.

Kwanza, kadi yenyewe hufanya nini? Skrini ya kawaida inayouzwa leo ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani vitone 2,073,600. Mchezo unaokwenda kwa picha 60 kila sekunde huhitaji vitone hivyo vipakwe rangi upya mara 60 kwa sekunde. Jumla ni zaidi ya milioni 124. Kichakataji kikuu cha tarakilishi hakikuumbwa kwa kazi ya aina hiyo. Kinafanana na seremala mmoja hodari anayetengeneza kabati moja kwa wakati. Kadi ya michoro ni kijiji kizima cha watu wenye ujuzi mdogo, kila mmoja akipaka ubao wake kwa wakati mmoja na mwenzake. Idadi ya watu hao, ambayo mafundi huiita idadi ya viini, pamoja na ukubwa wa kumbukumbu iliyo karibu nao na wepesi wa kuifikia, ndiyo mambo yanayoamua uwezo wa kadi. Mengine, zikiwamo taa za rangirangi zinazowaka ubavuni, ni mapambo.

Wapo wahadhiri watakaosema kwamba michezo ya video ni upuuzi usiostahili kalamu ya msomi. Jibu fupi kwao ni mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU, uliotoka Aprili 2024. Uliongozwa na Abubakar Salim, mzaliwa wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeutunga kwa ukumbusho wa marehemu babake. Humo kijana mganga anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake duniani, na anayetaka anaweza kuusikiliza kwa sauti za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Mtafiti wa ngano, visasili na motifu ya safari ya shujaa ana matini kamili hapo. Ila matini hiyo haisomwi bila chombo cha kuionyesha, sawa na utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu ambao haumfai asiyezijua.

Sasa ni suala la majina, na hapa ndipo mwanafunzi wa semantiki anapaswa kukaa kitako. Ferdinand de Saussure alifundisha kwamba uhusiano baina ya kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu. Watengenezaji wa kadi za michoro wameufanya unasibu huo kuwa mbinu ya biashara. Uchukuliwe mfano wa kadi iitwayo RTX 3050 ya kampuni ya Nvidia. Ile iliyotoka Januari 2022 ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 na viini 2560, na hutumia wati 130. Februari 2024 ilitoka nyingine kwa jina lilo hilo, RTX 3050, yenye gigabaiti 6, viini 2304 na matumizi ya wati 70. Muuzaji atasema tofauti ni kumbukumbu tu. Ukweli ni kwamba kilichopunguzwa ni viini, upana wa njia ya kumbukumbu na umeme pia. Hizo ni kadi mbili zilizovishwa kanzu moja. Katika isimu jambo hili lingeitwa homonimia, na kamusi ingezipa vidahizo viwili tofauti. Dukani zina kidahizo kimoja.

Kadi ndogo ya GT 1030 ilikuwa na kisa kibaya zaidi. Ilipotoka mwaka 2017 ilikuwa na kumbukumbu ya kasi ya kupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaja toleo la kumbukumbu ya aina duni, lenye kasi inayokaribia thuluthi moja tu ya ile ya kwanza, na jina halikubadilika hata herufi. Kampuni ya AMD nayo haina usafi wa kujivunia. Kadi yake ya RX 580, iliyotoka Aprili 2017, ilikuwa na viini 2304. Mwaka 2018 likatokea toleo la soko la China lenye viini 2048, na toleo hilo limesambaa hadi nje ya China kwa jina la RX 580. Ni mara moja tu ambapo kelele za wanunuzi zilishinda waziwazi: Oktoba 2022 Nvidia iliiondoa kadi iliyokuwa imetangazwa kuwa RTX 4080 ya gigabaiti 12, ikikiri kwamba jina lilikuwa linachanganya, kwa sababu ile ya gigabaiti 16 ilikuwa kadi tofauti kabisa. Januari 2023 kadi hiyo ikauzwa kwa jina la RTX 4070 Ti. Walioshinda vita hivyo walikuwa wanunuzi wa dola 800, wenye lugha ya kulalamikia na mahali pa kulalamikia. Mnunuzi wa GT 1030 hakupata mtetezi.

Kutokana na hayo, mnunuzi mwenye busara huanzia nyumbani kabla ya kufika dukani, na swali la kwanza ni la skrini. Mwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 hana haja ya kadi iliyotengenezwa kwa skrini ya 3840 kwa 2160, ambayo ina vitone mara nne ya yake. Atakuwa amenunua trekta la kulimia bustani ya sukumawiki. Maneno "daraja la kati" hupata maana hapa, kwa kuwa kadi ni ya kati kwa kulinganishwa na kazi fulani. Kwa skrini hiyo ya kawaida, kadi za daraja la kati za miaka ya karibuni zinatosha kwa michezo mingi, almuradi mchezaji akubali kushusha mapambo ya picha kidogo katika michezo mizito.

Swali la pili ni la kisanduku, na ndilo linalowaangusha wengi. Vijana wengi wa Kenya hawanunui tarakilishi mpya ya michezo. Hununua tarakilishi iliyotumika ofisini ng'ambo, ya Dell, HP au Lenovo, kisha huitia kadi. Ni njia nzuri na ya kiuchumi, lakini ina mitego. Kisanduku cha ofisini aghalabu kina pawa saplai ndogo, ya wati 240 hadi 300 hivi, na mara nyingi haina waya wa ziada wa kulishia kadi. Tundu ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75, wala si zaidi. Basi kadi ya wati 115, 130 au 170 itakaa humo kama mgeni asiyepewa chakula. Visanduku vyembamba vina tatizo jingine, kwamba kadi ya kimo cha kawaida haiingii hata ikisukumwa.

Ni hapa ambapo ile RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyolaumiwa hapo juu, inapata heshima yake. Kwa kuwa hutumia wati 70, haihitaji waya wa ziada, na yapo matoleo yake mafupi yanayoingia katika kisanduku chembamba. Kwa mwenye tarakilishi ya ofisini, kadi hiyo dhaifu huzaa matunda kuliko ndugu yake mwenye nguvu. Kosa la watengenezaji lilikuwa kuinyima jina lake. Kadi yenyewe haina kosa. Kinyume chake, RX 6400 ya mwaka 2022, inayotumia wati 53 na ambayo husifiwa sana kwa visanduku vya namna hiyo, ina njia nne tu za kupitishia data. Katika tarakilishi za zamani njia hizo huwa za kizazi cha polepole, na kumbukumbu yake ya gigabaiti 4 ikijaa, mchezo huanza kukwama. Sifa za kadi hiyo ziliandikwa na watu wenye tarakilishi mpya.

Vivyo hivyo kwa Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024 kwa bei ya dola 249 ikiwa na gigabaiti 12. Kwa karatasi, hakuna kadi ya bei hiyo iliyoipita kwa ukarimu wa kumbukumbu. Hata hivyo, ili ifanye kazi ipasavyo huhitaji tarakilishi inayoruhusu kichakataji kuiona kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, na tarakilishi nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2020 hazina ruhusa hiyo. Kijana atakayeichomeka katika sanduku la ofisini la mwaka 2015 ataambulia sehemu tu ya alicholipia, kisha atailaumu kadi, au mbaya zaidi, atajilaumu mwenyewe.

Kuhusu kumbukumbu, mjadala ni mkali na inafaa msimamo utolewe bila kumumunya maneno. Kwa skrini ya kawaida, gigabaiti 8 ni kiwango cha chini kwa anayenunua kadi ya kukaa nayo miaka minne au mitano. RTX 5060 iliyotoka Mei 2025 kwa dola 299 ni kadi yenye kasi, ila ina gigabaiti 8 zile zile zilizokuwa katika RTX 4060 ya Juni 2023. RX 9060 XT ya AMD, iliyofuata Juni 2025, ina matoleo mawili: la gigabaiti 8 kwa dola 299 na la gigabaiti 16 kwa dola 349. Dola 50 za nyongeza ni fedha nyingi Kiambere, lakini anayezinyima leo huenda akalazimika kununua kadi nyingine mapema. Na safari hii, kwa bahati, tofauti ya matoleo hayo mawili ni kumbukumbu kweli. Mwenye mkoba mwembamba zaidi atazame nyuma, kwenye RX 6600 ya Oktoba 2021, yenye gigabaiti 8 na matumizi ya wati 132. Ilianza kwa dola 329, kisha ikashuka sana, na kwa miaka kadhaa imekuwa kimbilio la watu wa kipato cha wastani. Nayo huhitaji waya wa ziada, kwa hiyo anayeitaka aikague pawa saplai yake kwanza.

Bei hizo za dola zina ujanja wake. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160. Mwaka 2025 ilikaa karibu na shilingi 129. Kadi ya dola 299 ilikuwa na thamani ya shilingi 47,840 katika hesabu ya kwanza na shilingi 38,571 katika ya pili, kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Kadi haikubadilika hata kidogo. Isitoshe, kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zilipanda duniani kwa sababu vituo vya akili unde (Watanzania wasema akili mnemba, na ugomvi huo uachwe kwa siku nyingine) vilikuwa vikizinunua kwa pupa. Kwa hiyo bei iliyotangazwa siku kadi ilipozinduliwa ni kumbukumbu ya kihistoria tu. Mnunuzi alinganishe bei za maduka matatu au manne siku anayonunua.

Kadi zilizotumika nazo zisidharauliwe. Hadi Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilichimbwa kwa kadi za michoro usiku na mchana. Mfumo huo ulipoachwa, kadi chungu nzima zilimwagwa sokoni. Baadhi bado zina uhai mrefu, kwa sababu kilichochoka ni feni na ute wa kupoza joto, vitu ambavyo fundi hubadilisha kwa pesa kidogo. Nyingine zilipikwa hadi zikaharibika. Tofauti haionekani kwa macho, hata kadi ikifutwa vumbi na kung'arishwa. Huonekana kwa kuichezesha kwa nusu saa.

Umeme ni fasili nyingine ya thamani ambayo waandishi wa nchi za baridi huipita haraka. Tofauti baina ya kadi ya wati 185 kama RX 580 na ya wati 115 kama RTX 4060 ni wati 70. Kwa mchezaji wa saa nne kwa siku, hizo ni yuniti 102 kwa mwaka. Anayenunua tokeni za umeme kwa shilingi mia mbili mia mbili ataelewa bila kufafanuliwa. Joto la nyanda za Tana nalo huifanya kadi ipunguze kasi ili isiungue, hivyo kadi isiyo na njaa ya umeme ina faida mara mbili. Na umeme wenyewe hukatika. Nchi karibu nzima iliingia gizani tarehe 25 Agosti 2023, na kukatika kwa kawaida hakuandikwi magazetini. Mnunuzi atenge sehemu ya fedha zake kwa UPS ya wastani, hata ikimbidi ashuke daraja moja la kadi. Inachekesha kidogo kwamba umeme wa kituo cha Kiambere, ukigawiwa kwa hesabu tu, ungetosha kulisha kadi 988,000 za wati 170, ilhali mwenyeji aliye chini ya nyaya zake analazimika kuilinda kadi moja dhidi ya umeme huo huo.

Mambo haya yote, skrini, pawa saplai, viini, njia za data, yameelezwa hapa kwa Kiswahili na hayakumshinda Mswahili. Ni kweli kwamba istilahi hazijatulia. Wapo wasemao kadi ya michoro, wapo wa kadi ya picha, na mafundi wa Barabara ya Luthuli husema GPU wakaendelea na kazi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulithibitisha mwaka 2004, kwa kutoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, kwamba lugha hii inaweza kukaa ndani ya tarakilishi. Tangu hapo nguvu nyingi zimetumika kubishana iwapo chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Idara za Kiswahili zina tasnifu za kuundwa kwa istilahi za kutosha kujaza makabati. Ni chache mno zinazozitumia istilahi hizo katika sentensi yenye bei ndani yake. Neno huzoeleka pale mtu anapolihitaji ili asipoteze pesa. Tafsiri ya mwongozo mmoja wa ununuzi, ikihaririwa na mtu ajuaye mambo na kusomwa redioni huko Embu na Meru, ingeeneza neno "kiini" kuliko makongamano kumi.

Wakati mwongozo huo haujaandikwa, mnunuzi afanye haya mbele ya kaunta. Asiulize kama kadi ni nzuri, kwa kuwa zote ni nzuri. Aulize ina viini vingapi, kumbukumbu ya aina gani na wati ngapi, na jibu alilinganishe na lile aliloliandika kwenye daftari kabla ya kutoka nyumbani. Aombe kadi ichomekwe katika tarakilishi ya duka na programu ya GPU-Z ifunguliwe, kwani kibandiko cha boksi hubadilishwa kwa dakika moja lakini idadi ya viini hugoma kudanganya kirahisi. Kisha mchezo uendeshwe kwa nusu saa huku akisikiliza feni. Muuzaji akikataa kuiwasha kadi, matatu za kurudi Embu zipo hadi jioni, na pesa za mbuzi bado zimo mfukoni.